Barua ya Miaka Hamsini



Wapenzi wasomaji, mwezi huu tunawaomba radhi mapema, kwa kuwa mazungumzo yetu yatahusu choo. Wahenga walikwishatuonya: mficha maradhi, kilio humfichua.

Jirani yetu mmoja alipotimiza miaka 50 aliletewa barua, upande mmoja Kifaransa, upande wa pili Kiholanzi. Akamwita mwanawe wa miaka 11 amsomee. Mtoto alipofika penye neno la kinyesi aliangua kicheko; mama akaingiwa na haya, na barua ikaishia kwenye pipa la taka. Hatumlaumu. Sisi wenyewe, pamoja na vyeti vyetu vyote, ya kwetu tuliilaza chini ya kopo la majani ya chai mwaka mzima.

Barua hiyo humwalika kila mkazi wa Brussels mwenye umri wa miaka 50 hadi 74 apime, kila baada ya miaka miwili, kama choo chake kina damu isiyoonekana kwa macho. Tangu mwaka 2018 kifaa cha kupimia hutolewa bure katika maduka ya dawa. Unachukua choo kidogo kwa kijiti, faraghani nyumbani kwako, unakitia katika kichupa, basi. Kinachotafutwa ni dalili ya saratani ya utumbo mpana, au ya vinundu vinavyoitangulia.

Kwa nini tupime ilhali hatuumwi? Ngozi ya ndani ya utumbo huchakaa upesi, na hufanywa upya kila baada ya siku chache. Kazi hiyo ni ya seli shina, zinazokaa chini kabisa ya vishimo vidogo mno vilivyojaa ukutani mwa utumbo. Mwaka 2007 Hans Clevers na wenzake, mjini Utrecht katika nchi jirani ya Uholanzi, walizitambua seli hizo kwa alama iitwayo Lgr5. Seli shina hugawanyika bila kuchoka, lakini kwa amri: ziko jeni zinazohimiza na jeni zinazozuia. Mojawapo ya breki hizo ni jeni iitwayo APC. Breki hiyo ikikatika, seli huzaana pasipo kuamrishwa, na hatimaye hufanya kinundu. Kutoka kinundu hadi saratani huweza kupita miaka kumi au zaidi. Katika muda huo mtu huwa hasikii maumivu, ila kinundu huweza kuvuja damu kidogo kidogo. Hapo ndipo kichupa kile kinapofaa.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunayo sababu nyingine. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia 1946, kwa muda mrefu katika hospitali ya Mulago, Kampala. Hakutosheka na kisu. Aliziandikia hospitali nyingi za Afrika akiuliza ni maradhi gani zinayaona na yapi haziyaoni. Mwaka 1971 alichapisha hoja yake: saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa nyingi Ulaya, ilikuwa haba kwetu, na kinga ile aliiona katika vyakula vyenye nyuzinyuzi, kama nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga. Wataalamu wa baadaye hawakumkubalia yote. Hata hivyo, tumejifunza kwamba kinga ya namna hiyo haimfuati mtu safarini: Wajapani waliohamia Hawaii waliupata ugonjwa huu kuliko ndugu zao waliobaki kwao. Nao wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walitangaza mwaka 2015 kuwa nyama za kusindikwa husababisha saratani hii. Soseji yenye muhuri wa halali ni soseji vilevile.

Tulipoitoa barua yetu chini ya kopo, kipimo kilionyesha damu. Tukapelekwa hospitali, tukalazwa usingizi, na kwa mpira mwembamba wenye kamera daktari akakata vinundu viwili papo hapo. Siku nzito ni ile ya kabla, ya kunywa dawa ya kusafisha tumbo. Tarehe ikiangukia Ramadhani, ombeni ibadilishwe. Na mama apendaye kuhudumiwa na daktari mwanamke aulize mapema. Tena damu katika kipimo si hukumu: wengi wanaokutwa nayo hawana saratani. Lakini aonaye damu kwa macho yake, au aliye na mzazi au ndugu aliyeugua, asingoje barua wala miaka 50. Amwone daktari wa familia.

Yeyote aliye na barua asiyoielewa na ailete Jumamosi baada ya darasa la watoto. Tutaisoma pamoja, mlango ukiwa umefungwa, wala hatutamwita mtoto.

Tukutane mwezi ujao, Inshaallah. Wabillahi tawfiq.