Tableti ndogo za shuleni: tupige hesabu kabla ya kukatwa mshahara



Toka mwezi uliopita habari inayozungumzwa sana hapa Zone Industrielle, wakati wa mapumziko na penye vituo vya basi, ni ile ya tableti ndogo za bei rahisi. Mfanyabiashara mmoja ameleta pendekezo: kila mzazi akubali kukatwa mshahara kwa miezi kumi, na mtoto wake apate tableti ya kusomea darasani. Waajiri wawili wamesema wako tayari kuyafanya makato hayo katika ofisi zao za mishahara, na wajumbe wetu wametakiwa watoe jibu. Wengi wananiuliza chama kinasemaje. Chama kitasema baada ya mkutano. Haya ni maoni yangu mimi, nami nayatoa mapema ili yapingwe mapema.

Sisemi kwamba chombo hiki ni kibaya. Mtoto wa mchumaji chai wa Teza ana haki ya kushika kile anachoshika mtoto wa mkurugenzi. Na mtu yeyote aliyesoma darasa la watoto themanini, kitabu kimoja watu watano, hawezi kukidharau chombo kinachobeba vitabu mia na kuingia katika mfuko wa koti. Ninachouliza ni hiki: ile bei tunayotajiwa ni bei ya nini hasa?

Wengine walitutangulia katika jambo hili. Mwaka 2005 Mmarekani Nicholas Negroponte aliahidi dunia kompyuta ya mtoto ya dola 100. Zilipoanza kutoka kiwandani mwaka 2007, bei ilikuwa inakaribia dola 190. Oktoba 2011 serikali ya India ikazindua tableti ya inchi 7 iliyoitwa Aakash, ambayo mwanafunzi alitakiwa aipate kwa dola 35 hivi, serikali ikijazia zilizobaki. Magazeti yalishangilia. Walioishika wakakuta kioo kinataka kubonyezwa kwa nguvu, mashine inakwenda polepole, na betri haimalizi siku ya masomo. Mpango ule haukufika mbali.

Basi nilimwomba mfanyabiashara wetu aniachie moja kwa wiki mbili, nikaipeleka kwa mwalimu wa darasa la nne katika shule wanayosoma watoto wengi wa wafanyakazi wa hapa. Tuliifanyia kazi kweli kweli. Ikijazwa umeme usiku na kuwashwa saa moja na nusu asubuhi, haikufika saa tano. Kuijaza tena kulichukua zaidi ya saa tano. Chini ya mwembe, mahali wanapokaa watoto chumba kikijaa, huwezi kusoma chochote. Unaona uso wako tu. Watoto watatu wakikitazama kioo kimoja, wa pembeni haoni kitu. Siku ya kumi na mbili tundu la chaja lilikuwa limeanza kulegea, na sisi ni watu wazima tulioishika kwa uangalifu.

Lakini yako mazuri, na sitayaficha. Msichana mmoja, ambaye mwalimu anasema hajapata kunyosha kidole mwaka mzima, alirudia hesabu ya kugawanya mara nane mpaka akaipata, bila mtu wa kumcheka. Sauti ya Kifaransa ilikuwa safi, na watoto waliiga matamshi vizuri. (Michezo nayo waliipata wenyewe kwa dakika nne, bila kufundishwa.)

Kasoro iliyonisumbua kuliko betri ni nyingine. Ndani ya tableti ile vilikuwamo vitabu vingi vya Kifaransa na vya Kiingereza, na cha Kirundi hakikuwamo hata kimoja. Watoto wetu hufundishwa kwa Kirundi miaka minne ya kwanza. Mtoto wa darasa la pili atasoma nini humo?

Tazameni walivyofanya Tanga, kwa jirani zetu wa Tanzania. Tangu mwisho wa 2017 hadi mwanzo wa 2019 yalifanyika mashindano makubwa ya programu za kufundishia. Watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 hivi walipewa tableti zenye masomo ya Kiswahili, wengi wao wakiwa hawajapata kuingia shule. Kabla ya kuanza, zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi kumi na tano idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10 mwezi Mei 2019. Habari njema hiyo. Ila tuisome mpaka mwisho: tableti zile hazikuwa za bei rahisi, zilikuwa Pixel C za kampuni ya Google, masomo yalitengenezwa kwa lugha ya mtoto, na vijijini viliwekwa vituo vya kuchaji kwa nguvu ya jua. Kule Peru waligawa kompyuta za Negroponte katika shule nyingi za mashambani, na uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 ukaonyesha kwamba watoto walijua kuitumia mashine, lakini katika hesabu na kusoma hawakuwazidi wenzao wasiokuwa nayo.

Sasa habari ya umeme, maana sisi wa viwandani twajua maana ya REGIDESO kukata. Betri ya tableti ndogo hubeba kama wati 10 kwa saa moja. Darasa la watoto 50 linahitaji 500 kila mara ya kujaza, na ukiongeza unaopotea njiani, kama 600. Bamba la jua la wati 100 likipata jua kali saa tano halizidi 500, na hiyo ni siku njema, si siku ya mvua ya Aprili. Zitafutwe soketi hamsini, kabati la kufuli, na mtu wa kulala na ufunguo. Tena betri ya namna hii, ikisha kujazwa mara mia tatu mpaka mia tano, hupoteza karibu sehemu ya tano ya nguvu yake. Ile iliyozimika kabla ya saa tano itazimika saa nne. Gharama hizi zote hazimo katika karatasi ya mfanyabiashara.

Nimefika penye jambo linaloniuma zaidi. Makato hufanywa kwa mtu aliye katika orodha ya mishahara. Kibarua wa siku hayumo. Mpakiaji wa magunia, mwanamke anayeitwa shambani msimu wa chai na kuachwa ukiisha, hao hawamo. Watoto wao wanakaa dawati moja na watoto wetu. Mpango huu ukipita kama ulivyo, darasa litagawanyika sehemu mbili, wenye kioo na wasio na kioo, na waliowagawa ni sisi kwa sahihi zetu. Na huyo mwenye mshahara naye tunamjua. Kile kima cha chini cha franka 160 kwa siku kwa Bujumbura na 105 kwa mikoani, kilichowekwa mwaka 1988, vyama vimekipigia kelele miaka na miaka. Mtu aliyeanza kazi chini ya kima cha namna hiyo anaambiwa leo anunue vifaa vya shule ya serikali!

Kenya waliahidi kompyuta za darasa la kwanza mwaka 2013, wakaanza kugawa tableti mwaka 2016, zaidi ya milioni moja katika shule zaidi ya 20,000. Magazeti ya kwao yameandika mara nyingi juu ya zile zilizofungiwa makabatini. Hata hivyo aliyelipa ni serikali, si makato ya mzazi, na mwalimu naye alipewa mashine yake. Tanzania nako, vishikwambi vya sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu.

Kwa hiyo katika mkutano nitapiga kura ya kukataa makato. Badala yake nitapendekeza waajiri, kama kweli wana moyo huo, wanunue tableti ishirini kwa darasa moja, ziwe mali ya shule na zitumiwe na kila mtoto kwa zamu. Zijaribiwe muhula mmoja, zikiwa na vitabu vya Kirundi ndani, na mwalimu apewe siku za kujifunza zinazolipwa. Muuzaji aandike dhamana ya miaka miwili ya betri na kioo, na aonyeshe fundi wake hapa Bujumbura kwa macho.

Wajumbe wa Teza, Rwegura, Rumonge na Moso watuletee kabla ya mkutano hesabu mbili: shule ngapi za watoto wetu zina umeme, na vibarua wangapi katika kila shamba wana watoto katika shule hizo.