Kushusha gari sawa, kukata springi hapana

Wadau, kuna hii fasheni ya kushusha Mark II na Altezza mpaka tairi zinajificha ndani ya bodi. Mimi sina ugomvi nayo. Gari iliyo chini inapendeza, na kwenye kona hailali sana kwa kuwa uzito wake uko karibu na ardhi. Ninachopinga ni ile njia ya mkato: fundi anachukua grainda, anakata raundi mbili za springi, basi, kazi imekwisha.

Jamani, kanuni ya Hooke tumeisoma sekondari. Springi ikifupishwa inakuwa ngumu zaidi. Yenye raundi 8 zinazofanya kazi, ukikata 2, ugumu unapanda kwa theluthi moja. Shokapu nayo ni ileile ya zamani, haiwezi kuituliza. Gari inadunda, na tairi inayodunda haishiki lami vizuri, kwa hiyo hata breki zinachelewa kuisimamisha. Kwenye shimo kubwa, springi iliyokatwa inaweza hata kuhama mahali pake.

Mtasema koilova ni ghali. Sawa, basi nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hiyo, na shokapu zinazoendana nazo, kisha ufanye alaimenti. Hela haijatosha? Subiri, urembo hauna haraka. Yule uliyempa lifti siti ya nyuma hajui kama springi zimekatwa, na roho anayo moja tu.

Nawasilisha.