Hesabu nyepesi isiwe hesabu ya watoto wa pwani

Mwezi wa Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza kwamba hisabati itakuwa ya lazima kwa kila mwanafunzi wa Sekondari ya Juu. Mpango wa kwanza haukuwa hivyo. Masomo ya lazima yangekuwa Kiingereza, Kiswahili au lugha ya ishara, michezo na huduma kwa jamii. Hisabati ingebaki kwa wale wa mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi, ule unaoitwa STEM. Wakenya wakapiga kelele, serikali ikarudi nyuma, watu wakashangilia.

Tangazo lile lakini lilikuwa na mkia, na mkia huo haukujadiliwa sana. Hisabati zenyewe ni mbili. Wa STEM watasoma hisabati kamili. Wa mkondo wa sayansi za jamii na wa sanaa na michezo watasoma hisabati ya kimsingi, iliyopunguzwa. Januari 2026 kundi la kwanza limeingia Gredi ya 10, kwa hivyo mambo haya si ya makaratasi tena. Kuna mtoto ameketi darasani leo na hisabati yake imeshaamuliwa.

Ningependa tulitazame jambo hili tukiwa tumetoka kidogo nyumbani, tusimame Asembo Bay. Ni Rarieda, kaunti ya Siaya, magharibi ya Kisumu, kwenye ghuba ya Winam. Zamani meli za reli zilikuwa zikitia nanga pale. Ng'ambo ya ghuba iko Kendu Bay, ambako Waislamu wana msikiti wao tangu enzi. Nimeichagua Asembo kwa sababu ni pwani kama yetu, tofauti ni kwamba maji yake ni matamu, na kwa sababu nyengine nitakayoifikia.

Wavuvi wa kule hutoka usiku, giza la mwezi, na taa zao, kutafuta omena, yaani dagaa. Asubuhi kina mama hununua, huanika, kisha huuza kwa gorogoro. Sasa tuseme mtumbwi mmoja umeuza shilingi 12,000. Mafuta na betri za taa zimekula 3,000. Zilizobaki ni 9,000: nusu ya mwenye mtumbwi na nyavu, nusu ya wavuvi wanne. Kila mvuvi aondoka na 1,125. Hiyo ni hesabu ya kwenda mbele, na hakuna kijana wa pwani yoyote isiyomuweza.

Lakini mvuvi aseme hivi: nina karo ya mtoto, leo nataka 1,500, je, tuuze ngapi? Hapo lazima urudi nyuma. Wanne mara 1,500 ni 6,000. Hiyo ni nusu, basi nzima ni 12,000. Rudisha zile 3,000 za mafuta, jibu ni 15,000. Ikiwa karai ni shilingi elfu moja, mtumbwi usirudi na chini ya makarai 15. Aliyefanya hesabu hiyo kichwani amefanya aljebra. Alichokosa ni kuiandika tu, aipe ile idadi asiyoijua jina, liwe x au liwe lolote, aifuate mpaka aikamate.

Na neno lenyewe ni letu kuliko wengi wanavyodhani. Al-jabr kwa Kiarabu ni kurudisha kilichopunguka, ndilo neno lililotumika pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr na al-muqabala huko Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 mpaka 833. Alisema wazi kwamba anawaandikia watu kwa mahitaji yao ya mirathi, wasia, biashara na kupima ardhi. Sehemu kubwa mno ya kitabu ni masuala ya mirathi. Wala hakutumia x. Ile idadi isiyojulikana aliiita shai, yaani kitu.

Chukua mfano ambao kila kadhi wetu anaujua. Mtu amekufa, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Baada ya deni na wasia imebaki 640,000. Mke ana thumuni, 80,000. Imebaki 560,000. Fungu la binti moja liite kitu. Mabinti wawili ni vitu viwili, na kijana, kwa kuwa ana fungu la wawili, ni vitu viwili vyengine. Vitu vinne ni 560,000, kitu kimoja ni 140,000, kijana ana 280,000. Mtoto aliyefanya hesabu hii chuoni Jumamosi huambiwa skulini Jumatatu kwamba yeye hana kichwa cha aljebra. Sijui nani alitenganisha vyumba hivi viwili, lakini ukuta huo umetugharimu.

Sasa ile sababu ya pili ya Asembo. Miaka ya 1990 watafiti wa KEMRI na wenzao wa CDC ya Marekani walifanya huko na katika eneo jirani la Gem utafiti mkubwa wa vyandarua vyenye dawa. Vijiji zaidi ya 200 viligawanywa kwa kura: baadhi vikapata vyandarua mwanzo, vyengine vikangoja hadi utafiti umalizike. Watoto wakahesabiwa, walio hai na waliokufa. Kabla yao, kati ya 1993 na 1995, kazi ya namna hiyo ilifanywa kwetu Kilifi, na vifo vya watoto wadogo vikaonekana kupungua kwa thuluthi moja. Tafiti hizo, pamoja na nyengine za Afrika Magharibi, ndizo zilizoushawishi ulimwengu kwamba chandarua chenye dawa huokoa roho.

Pwani zetu mbili, basi, zimehesabiwa kuliko sehemu nyingi za dunia. Watoto wetu wamekuwa tarakimu kwenye majarida makubwa ya udaktari, na sina kinyongo na hilo, kwa maana faida yake tunailalia kila usiku. Ninalouliza ni nani anayezisoma zile tarakimu, nani anayekaa upande wa pili wa meza. Anayetaka kukaa huko hupitia takwimu, na mlango wa takwimu ni aljebra. Mwanafunzi aliyepewa hisabati ya kimsingi akiwa na miaka 15 ameufungiwa mlango huo kabla hajajua kuwa upo.

Nitaambiwa mkondo ni chaguo la mtoto. Kwa mtoto wa skuli yenye maabara na walimu kamili, ndiyo. Lakini hawa walioingia Gredi ya 10 ni walewale walioanza Sekondari ya Msingi mwaka 2023, wakati madarasa yalikuwa hayajajengwa na walimu wa hisabati na sayansi hawatoshi, mpaka mwalimu wa lugha akashikishwa chaki ya hisabati. Miaka mitatu hiyo ndiyo aljebra inapoanza, pale herufi zinapoingia katikati ya tarakimu. Mtoto aliyefundishwa hatua hiyo na mtu asiyeipenda hachagui mkondo. Anakimbia. Na atakimbilia wapi kama si kule kulikopunguzwa?

Serikali imesema inataka karibu asilimia 60 ya wanafunzi wawe STEM. Kila skuli ya juu yatakiwa iwe na mkondo huo. Vizuri. Lakini kuandika STEM kwenye ubao wa lango si kazi. Kazi ni kumpata anayejua kumfafanulia mtoto wa Rarieda au wa Faza kwa nini ukihamisha idadi ng'ambo ya alama ya usawa, kuongeza kunageuka kutoa. Na amfafanulie kwa maneno anayoyaelewa. Yule wa Asembo anafikiri kwa Kijaluo, huyu wetu kwa Kiswahili au Kigiriama, na aljebra inawafikia wote wawili kwa Kiingereza.

Wala hisabati mbili si jambo jipya. Katika mtihani wa KCSE kwa miaka kumekuwa na hisabati A na hisabati B, na B ndiyo nyepesi. Wanaoifanya B ni wachache mno, na wazazi wengi hawajui hata kama ipo. Tanzania nao, kidato cha tano na cha sita, wana hisabati ya juu kwa wanaoihitaji hasa, na hisabati tumizi ya msingi, maarufu kama BAM, kwa wanasayansi wengine. Huo mpango wa Tanzania mimi nauona una akili: ile nyepesi hupewa mtu ambaye tayari yuko kwenye sayansi, ili imsaidie huko aliko. Haikuwekwa iwe njia ya kumtoa. Ingawa wao pia wana mzigo wao, maana katika mtihani wa kidato cha nne, ambako hisabati ni lazima kwa wote, wanaofaulu miaka ya karibuni wamekuwa mmoja kati ya wanne hivi. Kulazimisha peke yake hakufundishi mtu.

Tunayo pia kumbukumbu ya nyumbani ya kinachotokea mlango ukifungwa mapema. Kila mwaka baada ya matokeo ya KCSE, vijana walioanguka hisabati huzunguka Mombasa na Kisumu wakitafuta chuo kitakachowapa kozi ya kuvukia, ile ya miezi michache waiitayo briji, ili wakubaliwe kwenye diploma au shahada waitakayo. Ukikifungua kitabu cha kozi hiyo huoni jambo geni: sehemu, vipeo, milinganyo sahili, milinganyo ya idadi mbili, ile ya kipeo cha pili, logi. Ni Kidato cha Kwanza mpaka cha Tatu, vinalipiwa upya. Nilipokuwa diploma, darasa letu la hesabu za biashara lilikuwa na watu wazima, wengine na watoto wao, na wengi waliielewa aljebra pale kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mwalimu alianza na bei ya unga. Walikuwa na akili hiyohiyo tangu wakiwa na miaka 14.

Kozi ya kuvukia haina aibu, na anayeiweza aende. Lakini ni daraja la kulipia. Tajiri anavuka, maskini anabaki ukingoni. Ikiwa hisabati ya kimsingi haitakuwa na njia ya kurudi kwenye hisabati kamili ndani ya skuli yenyewe, bila ada ya ziada, basi tumeandaa wateja wapya wa briji kwa miaka mingi ijayo, na nadhani tunajua watatoka kaunti gani.

Kwa hivyo mzazi mwenzangu, kwenye mkutano wa skuli muhula huu, baada ya hesabu za chakula na sare, muulize mwalimu mkuu mambo matatu. Skuli ina walimu wangapi waliosomea hisabati? Katika wanafunzi wa Gredi ya 10, wangapi wako kwenye hisabati kamili, na wasichana kati yao ni wangapi? Na mtoto aliye kwenye ile nyepesi akitaka kuvuka akiwa Gredi ya 11, atavuka vipi, nani atamfundisha yaliyompita, na saa ngapi? Akijibu mawili ya kwanza akanyamaza la tatu, liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na nakala ipelekwe kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo.