Daftari la Wiki: Wakazi wa Matawini

Shore wakianza kupiga kelele kwa pamoja mwembeni, na kelele zikabaki palepale, jua kuna nyoka. Jumatatu nilisimama chini ya mwembe wa jirani mpaka shingo ikauma ndipo nikamwona: ukukwi, kijani kibichi, kichwa kakilaza juu ya jani, koo likipanda na kushuka. Magamba ya tumbo lake yana ukingo pande zote mbili, na kwa ukingo huo hung'ang'ania gome na kupanda shina lililosimama wima. Hula vyura na mijusi, wala hana sumu ya kumdhuru mtu. Watoto walikwishaokota mawe. Nilimtetea, wakayatupa, nami nawashukuru hadharani. Ukukwi wengi hufa kwa kosa la kuvaa rangi ya koboko wa kijani.

*

Koboko wa kijani naye si mgomvi kama anavyosimuliwa. Kuanzia pwani ya Kenya hadi Msumbiji na kusini zaidi, hukaa juu ya miembe, mikorosho na minazi, akivizia ndege au panya, na chini hashuki ovyo. Constantine Ionides, bwana nyama wa enzi za Tanganyika aliyefariki 1968, aliwafuata Newala na kuwakamata huko huko juu kwa fito ndefu yenye kibano. Mwenye haki ya kumwogopa ni mkwezi, maana akifika kwenye makuti mikono yake ina kazi, na sumu ya koboko hushambulia mishipa ya fahamu hadi pumzi ikakatika.

*

Habari ninayoirudia kila mara ni ya Karl Schmidt. Septemba 25, 1957, makumbusho ya Field Museum kule Chicago yaliletewa nyoka mchanga ili atambuliwe. Schmidt, bingwa wa nyoka aliyeheshimiwa dunia nzima, alimshika nyuma kidogo ya pale alipopaswa kumshika, akang'atwa kidole gumba. Jino moja tu la sumu ndilo lililozama sawasawa. Alikuwa bumslangi, nyoka wa mitini wa Afrika mwenye macho makubwa na meno ya sumu yaliyo nyuma ya taya. Wengi walidhani mdogo kama yule hawezi kuua mtu mzima.

Schmidt hakutafuta tiba. Aliandika: kichefuchefu kwenye treni ya kurudi nyumbani, baridi na homa, damu kwenye fizi. Asubuhi alipata nafuu, akala kifungua kinywa. Mchana pumzi zikamshinda, na siku hiyohiyo akafariki. Walipompasua walikuta damu imevuja kwenye mapafu, figo, moyo na ubongo. Sumu ya bumslangi humaliza vile vitu vinavyogandisha damu, kwa hiyo mgonjwa anavuja ndani kwa ndani huku akijiona mzima. Inaniuma kwamba nafuu ile ndiyo iliyomdanganya. Bumslangi tunaye Kenya na Tanzania. Aghalabu dume ni kijani na jike ni kahawia. Dawa ya sumu yake ni ya peke yake, hutengenezwa Afrika Kusini, na zile zinazotibu sumu ya koboko au moma hazimfai aliyeng'atwa naye.

*

Kuna nyoka mwingine wa mitini, rangi ya kijiti kikavu, ambaye mboni yake imelala kama tundu la ufunguo. Macho yote mawili hutazama mbele kwa pamoja, hivyo anapima vizuri umbali wa mjusi kabla ya kumrukia. Milima ya Usambara ina aina yake, iliyopewa jina la kisayansi mwaka 2001. Robert Mertens, mtaalamu wa Ujerumani, alikufa mwaka 1975 baada ya kung'atwa na mmoja wa jamii hii. Dawa mahususi ya sumu ya jamii hiyo haipo mpaka leo.

*

Kwa sumu inayozuia damu kuganda, kama ya bumslangi, wauguzi wa vituo vidogo wana kipimo ninachotamani kila mtu akijue. Damu kidogo ya aliyeng'atwa hutiwa kwenye chupa safi ya kioo, kavu, ikaachwa bila kuguswa dakika 20, kisha chupa ikainamishwa. Damu ikimiminika kama maji, haigandi, na mgonjwa apelekwe mara moja hospitali kubwa yenye damu ya kuongezea, hata kama anatembea mwenyewe na kudai hajambo. Kipimo hiki hakihitaji umeme.