Mama zetu wachague wenyewe cha kudarizi

Vijana wenzangu, leo tuongelee mito. Ndiyo, mito ya kukalia na ya kupigia magoti. Usipite haraka, inatuhusu.

Uingereza, katika mji wa Winchester, kuna kanisa kuu la zamani sana. Ujenzi wake ulianza mwaka 1079. Kati ya 1931 na 1936 watu wa kujitolea, wengi wao wanawake, walilidarizia mamia ya mito kwa uzi wa sufu. Aliyewaongoza aliitwa Louisa Pesel. Mito ya viti ina duara katikati, michoro yake ilitoka kwa Sybil Blunt, na maduara hayo yanasimulia historia ya kanisa na ya nchi yao. Yaani mtu anakaa kusali, na aliyokalia ni habari za kwao.

Huyo Pesel, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa Bradford akifundisha kudarizi wanajeshi waliorudi vitani wakiwa wameumia akilini. Wanaume, na sindano mkononi. Walitengeneza mpaka kitambaa cha altare. Sisi tunaoishi na watu walioona vita hatuhitaji kuelezwa kwa nini.

Sasa tuje hapa kambini. Mradi wa kushona ukifika, mama anapewa kitambaa, uzi na picha ya kufuata: twiga, mti, jua linazama. Eti ndiyo wageni wananunua. Jamani, mama wa Uvira na twiga wapi na wapi? Yeye anajua ziwa, mtumbwi, ndagala wameanikwa juani. Hayo hakuna aliyemuuliza.

Waangalieni majirani zetu wa Sudan Kusini na milaya zao, yale mashuka ya kudarizi yenye maua na ndege. Kuna waliokimbia nayo, vitu vyao vimefungwa ndani. Shuka kama hilo halikungoja mradi.

Najua wafanyakazi wa mashirika mtasema soko ndilo linaamua, na mtoto hashibi alama. Ni kweli, pesa inatakiwa. Lakini mto wa twiga uko kila duka. Mto wenye mtumbwi wa Uvira, na maneno mawili ya aliyeushona, utaupata wapi kwingine?

Na kuna jambo kubwa kuliko soko. Wadogo zetu wamezaliwa hapa. Kadi ya chakula inaandika nyumba ina watu wangapi, haiandiki kwenu kulikuwa na nini. Mama akinyamaza, na mkono wake nao ukichora twiga tu, mtoto atajulia wapi?

Ombi langu ni dogo. Kabla ya kugawa uzi, muulizeni mama: kwenu kulikuwa na nini? Angalau nusu ya kazi iwe michoro yake, na jina lake liwepo kama mwenyewe anataka. Sisi vijana tuna simu: tupige picha, tuandike kila alama ina maana gani.

Na tusingoje wafadhili. Kanisani kwetu mabenchi ni mbao tupu na magoti yanagusa udongo. Tuanzie hapo. Wewe, mama yako angedarizi nini? Kamuulize leo, halafu utuandikie hapa chini.