Skolashipu ya riadha si miguu tu: Muulize Lagat

Umemaliza Kidato cha Nne, muda wako wa mita 5,000 unaridhisha, na kocha wa chuo kimoja Marekani amekutumia ujumbe kwa WhatsApp. Nyumbani wameanza kupanga harambee ya tiketi ya ndege. Kila mtu anakuuliza utakimbia kwa kasi gani huko majuu. Lakini nani amekuuliza utafanya nini miguu ikichoka?

Hebu piga hesabu. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zimempa mwanafunzi misimu minne ya kushindana. Jeraha moja la goti na hesabu hiyo inapungua. Wachache watakuwa nyota wa kulipwa. Wengine je?

Mtazame Bernard Lagat. Mwaka 1996 aliondoka JKUAT pale Juja akaenda Chuo Kikuu cha Washington State. Medali unazijua: shaba Sydney 2000, fedha Athens 2004, kisha dhahabu mbili Osaka 2007 akiwa tayari anakimbilia Marekani. Kisichosimuliwa sana ni kwamba alimaliza shahada yake, na kwamba kocha wake wa chuo, James Li, aliendelea kumnoa hata alipokuwa bingwa wa dunia. Mwaka 2021 Lagat alikabidhiwa timu ya mbio za nyika ya Chuo Kikuu cha Arizona, kwanza kama kaimu. Li alikuwa amefundisha chuo hicho hicho kwa miaka mingi.

Usidhani medali pekee ndizo zilifungua mlango huo. Nafasi nyingi za ukocha wa vyuo Marekani zinahitaji shahada ya kwanza, na wenye uzamili hupendelewa. Ndiyo maana wengi huanzia chini: unasomea uzamili huku ukisaidia timu, chuo kinakupunguzia au kukulipia karo, na unapewa posho ndogo. Kazi? Kushika saa uwanjani, kupanga safari, kuhakikisha wanariadha hawafeli darasani, na kupiga simu usiku ukitafuta vipaji vipya.

Hapo kwa vipaji ndipo Mkenya ana karata nzuri, na pia mtego. Unaijua Iten, unaijua Kapsabet, unajua mzazi anaogopa nini. Lakini ukiwa tu daraja la kuleta watoto kutoka nyumbani, siku daraja halihitajiki utaachwa nje. Jifunze kazi yenyewe: kupanga mazoezi, kusoma majeraha, kumlea kijana aliyepoteza mbio.

Kuna jambo la viza pia, na hili huwapata wengi wakiwa wamechelewa. Ukihitimu kwa viza ya F-1 unaweza kuruhusiwa kufanya kazi hadi miezi 12, lakini kazi hiyo lazima ihusiane moja kwa moja na ulichosomea. Ukisomea uhasibu, itakuwa ngumu kueleza mbona unafundisha mbio. Sayansi ya michezo ingekusaidia zaidi.

Na tusidanganyane, huko nako mambo yanabadilika. Juni 2025 mahakama iliidhinisha mapatano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo mwaka wa kwanza. Vyuo vilivyoingia humo pia vimewekewa kikomo cha idadi ya wanariadha. Soka ya Kimarekani na mpira wa vikapu ndizo zinaleta pesa, kwa hivyo riadha inaweza kubanwa. Kikosi kikibanwa, kocha naye hana usalama.

Hapa nyumbani, mwanariadha akitaka mshahara wa uhakika hutazama polisi, jeshi au magereza. Ni njia nzuri, lakini si lazima iwe ya pekee. Kumbuka Colm O'Connell alifika Iten mwaka 1976 kama mwalimu, si mkimbiaji, akaishia kumnoa David Rudisha. Kufundisha ni taaluma yake yenyewe.

Kwa hivyo kabla hujatia sahihi, muulize huyo kocha wa WhatsApp mambo matatu: Wakimbiaji wako wangapi humaliza shahada? Nikiumia, skolashipu yangu itakuwaje? Na je, nikimaliza kukimbia, kuna nafasi ya kusaidia timu huku nikisoma?

Akikwepa maswali hayo, basi jua anataka miguu yako tu.