Petroli haiogopi baridi ya Lushoto

Wadau, hili nalisema bila kumung'unya maneno. Petroli ya chupa itakuja kutuchomea watu milimani Usambara, na siku hiyo ikifika tutaunda tume.

Panda kutoka Mombo, pita Soni, vuka Lushoto mjini, kisha ingia vijiji vya ndani. Bodaboda ziko kila kona, vituo vya mafuta vya kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo petroli inauzwa kwenye chupa za maji, na usiku chupa na madumu hulala ndani na watu. Juni na Julai baridi ikikaza, milango na madirisha hufungwa, jiko la mkaa linaingizwa chumbani. Mkaa na petroli chini ya paa moja jamani!

Ukihoji unajibiwa: huku baridi, petroli haiwaki ovyo. Uongo mtupu. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Kifuniko kikilegea tu, unatambaa sakafuni hadi kwenye kaa.

Marubani wa ndege ndogo wanajua kuwa baridi hukakamaza na kusinyaza mipira ya kuzibia, mafuta yakavuja. Ndiyo maana kabla ya kuruka rubani huizunguka ndege, akichungulia chini ya mabawa. Ndege ya watu wanne inakaguliwa hivyo. Nyumba yenye watoto sita je?

Wepesi ni kumkamata muuza chupa. Mimi sikubali. Mwendesha bodaboda asukume pikipiki mlimani kufuata lita mbili? EWURA ilishalegeza masharti ya vituo vya vijijini, REA ikaanzisha mikopo ya kuvijenga. Waheshimiwa wa halmashauri za Lushoto na Bumbuli, vijiji vyetu vimepata vingapi? Tuonyesheni orodha. Na wakati tunasubiri, chupa zilale nje, mbali na moto.

Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukaua zaidi ya 100. Nchi nzima tuliomboleza. Huku milimani itakuwa nyumba moja leo, nyingine mwakani, na hakuna atakayetangaza maombolezo.

Nawasilisha.